Sura ya Sita: Kuku Mgeni na Kamba ya Mguuni

Ndege aliyechaguliwa kwa vita

Kuku wa kuchi hutambulika kwa mbali. Husimama wima, shingo ndefu imenyooka, miguu mirefu na minene, kifua kipana chenye manyoya haba. Undu wake ni mdogo na umelala juu ya kichwa, na ndevu zake ni fupi kiasi kwamba kwa baadhi yao hazionekani kabisa. Umbo hilo lina sababu yake. Undu mkubwa na ndevu ndefu ni mahali pa kukamatwa na mdomo wa mpinzani, na zikichanika hutoka damu nyingi. Miguu mirefu humwezesha jogoo kurusha teke lenye kipi juu ya mwenzake. Kwa vizazi vingi watu waliopenda mapigano ya majogoo waliwaachia mitetea majogoo wa namna hiyo, na wengine wakaishia chunguni.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, humhesabu kuchi miongoni mwa makundi makuu ya kuku wa kienyeji nchini, pamoja na ching'wekwe wa Morogoro mwenye miguu mifupi na singamagazi wa Tabora. Kuchi hutajwa zaidi Kanda ya Ziwa, hasa Mwanza, na katika pwani ya Kenya sifa yake imeshikamana na Lamu. Uchunguzi wa DNA inayorithiwa kwa mama umeonyesha kwamba kuku wa Tanzania wana asili zaidi ya moja: wapo wanaoelekea Bara Hindi na wapo wanaoelekea Asia ya Kusini-Mashariki. Kwa umbo, kuchi anafanana sana na kuku wa kupigana wa Asia, kama wale wa Malay na shamo wa Japani.

Barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma hupita Bunda, na kuku husafiri nayo, ndani ya matenga juu ya basi au nyuma ya pikipiki. Kuku anayeshushwa Nyasura, mjini Bunda katika Mkoa wa Mara, hajui yadi anayoingia. Hajui jogoo aliyemtangulia, hajui mbwa wa nyumba hiyo, wala hajui ni wapi pumba humwagwa jioni. Ndiyo maana mwenyeji humfunga kamba mguuni kwa siku chache, hadi azoee. Methali imelihifadhi jambo hilo: kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Ndani ya kamba hiyo mna maswali mawili ya elimu ya tabia za wanyama. La kwanza: mnyama aliyechaguliwa kwa ukali hukabilije jambo geni? La pili: je, dume na jike wa mbegu hiyo hulikabili kwa namna moja? Swali la pili lina uzito wa pekee kwa sababu katika mbegu za kupigana mwamuzi humtazama jogoo peke yake. Mtetea hajaribiwi. Anazaa majogoo wa vita bila yeye mwenyewe kuingia uwanjani.

Ukali, woga na ugeni

Katika mazungumzo ya kawaida, mnyama mkali huhesabiwa kuwa jasiri, na mnyama mpole huhesabiwa kuwa mwoga. Wanaochunguza tabia za wanyama huyatenganisha mambo hayo, kwa kuwa hupimwa kwa njia tofauti.

Ukali hupimwa kwa kumweka mnyama mbele ya mwenzake wa jinsia yake asiyemjua, kisha kuhesabu muda unaopita kabla hajamshambulia. Muda ukiwa mfupi, ukali ni mkubwa.

Mwitikio kwa ugeni hupimwa bila mpinzani. Mnyama huwekwa katika uwanja mtupu asioujua, na mchunguzi huandika ni baada ya muda gani ameanza kutembea na amefika wapi. Au huwekewa kitu asichokijua karibu na chakula, na umbali anaoweka kati yake na kitu hicho hupimwa. Kwa kuku kuna kipimo kingine ambacho hata mtoto wa kijijini anakijua: kuku akilazwa chali au ubavu na kushikiliwa kidogo, huganda kama amekufa hata mkono ukiondolewa. Padri Athanasius Kircher aliandika habari zake Ulaya mwaka 1646. Kuku mwenye woga mwingi hukaa hivyo kwa dakika kadhaa, na mwenye woga kidogo huinuka baada ya sekunde chache.

Vipimo hivi havitoi jibu moja kila mara. Jogoo anaweza kumrukia jogoo mwenzake papo hapo, kisha akakataa siku nzima kukaribia chombo kipya cha maji. Mtetea anaweza kukimbia kila anapodonolewa, lakini akawa wa kwanza kuchungulia ndani ya chombo hicho. Tofauti za jinsia hujificha katika mwanya huo, kati ya vita na udadisi.

Funzo kutoka kwa panya

Ushahidi ulio wazi zaidi juu ya wanyama waliochaguliwa kwa ukali umetoka kwa panya wadogo wa nyumbani, kwa sababu huzaana haraka na vizazi kadhaa hupatikana ndani ya mwaka mmoja. Mwaka 1959, mjini Turku, Finland, Kirsti Lagerspetz alianza kuwatenga panya madume wakali na wapole, na kuzalisha kila kundi peke yake. Baada ya vizazi vichache nasaba mbili zilikuwa zimeachana kabisa. Katika miaka ya 1970, mjini Groningen, Uholanzi, G. A. van Oortmerssen alifanya kazi kama hiyo kwa kuanzia na panya wa porini. Madume wa nasaba yake kali walimrukia mgeni kwa kawaida kabla ya dakika moja kwisha. Wengi katika nasaba pole hawakushambulia hata muda wa jaribio ulipomalizika.

Jambo lililowashangaza watafiti lilijitokeza walipoacha kuwapiganisha panya hao na kuwaweka mbele ya mabadiliko. Katika majaribio yaliyochapishwa kuanzia 1987, Ineke Benus, Jaap Koolhaas na van Oortmerssen waliwafundisha panya njia ndani ya mzingile, kisha wakabadilisha kitu kidogo. Madume wakali waliendelea kukimbia kama kwamba hakuna kilichotokea, wakifuata mazoea waliyokwisha kuyajenga. Madume wapole walisimama, wakanusa, wakarudi nyuma, na kuichunguza upya njia waliyokuwa wakiijua. Saa za mwanga na giza zilipogeuzwa katika vyumba vyao, wapole ndio waliozoea ratiba mpya upesi zaidi.

Kwa hiyo kilichochaguliwa hakikuwa hasira peke yake. Pamoja na ukali ulikuja mtindo mzima wa kuishi: kutenda haraka, kujenga mazoea mapema, na kutojali sana yanayobadilika pembeni. Van Oortmerssen aliuhusisha mtindo huo na maisha ya porini. Dume mkali hufaulu palipo na mipaka iliyokwisha kuwekwa, kwa kuwa anajua kila pembe ya himaya yake na kila mpinzani. Dume mpole hufaulu anapohama na kufikia mahali papya, ambako mazoea ya zamani hayana thamani. Ukali, kwa maana hiyo, ni silaha ya mwenyeji.

Robert Cairns na wenzake katika jimbo la North Carolina, Marekani, waliongeza funzo jingine. Katika nasaba zao mbili, tofauti kubwa ilitoka upande wa wapole: hao waliganda walipoguswa na panya mgeni. Tofauti iliyosomwa kama ukali wa nasaba moja ilikuwa, kwa kiasi kikubwa, woga wa nasaba nyingine mbele ya mgusano mpya. Aliyechagua madume kwa kuhesabu mashambulizi alikuwa, bila kukusudia, amechagua pia namna ya kumpokea mgeni.

Jike hubeba nini

Katika majaribio hayo yote madume ndio waliojaribiwa na kuchaguliwa. Majike waliingia katika nasaba kama dada na mama wa madume hao. Kwa kawaida panya jike asiye na watoto hashambulii mgeni kama dume anavyofanya, kwa hiyo majike wa nasaba kali na wa nasaba pole wangeweza kuonekana sawa kwa mtu anayepita.

Turku walichungulia chini ya utulivu huo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1975, majike wa nasaba mbili walipewa testosteroni, homoni ambayo kwa madume hutolewa na korodani. Majike wa nasaba kali waligeuka wapiganaji. Majike wa nasaba pole, kwa homoni ileile, hawakufikia hali hiyo. Jeni za ukali zilikuwa ndani ya dada kama zilivyokuwa ndani ya kaka, na kilichokosekana kilikuwa ufunguo wa kuziamsha.

Mwaka 1988 Kathryn Hood na Cairns walionyesha kwamba wakati mwingine ufunguo huo huja wenyewe. Waliwatazama majike wa nasaba zilizochaguliwa kupitia madume, na wakaona kuwa tofauti ya nasaba ilijitokeza kwa majike baada ya kuzaa. Mama wa nasaba kali alimkabili mgeni aliyekaribia kiota kwa ukali zaidi ya mama wa nasaba pole. Uzazi ulifanya kazi ambayo Turku ilifanywa na sindano.

Lakini njia hiyo haipitiki sawasawa kutoka pande zote mbili. Patricia Ebert na Janet Hyde walichagua panya majike wa asili ya porini kwa ukali wao, na nasaba zao zikaachana. Walipowajaribu kaka za majike hao mwaka 1976, hawakukuta tofauti kama ile ya dada zao. Ukali wa jike na ukali wa dume, basi, si kitu kimoja kilichovikwa nguo mbili. Vina sehemu ya pamoja, na kila jinsia ina sehemu yake.

Mbele ya ugeni usio na mpinzani, tofauti ya jinsia huchukua sura nyingine tena. Panya majike, hata wa nasaba zisizochaguliwa kwa lolote, kwa kawaida huzunguka zaidi katika uwanja mgeni kuliko madume. Kanuni hiyo haiwezi kuhamishiwa banda la kuku bila kupimwa, kwa sababu vifaranga hueleza habari nyingine.

Tofauti inayoanza kwenye ganda la yai

Kifaranga wa siku chache akiwekwa peke yake katika uwanja mpana asioujua, kwanza huganda, kisha hulia, kisha hutembea. Katika majaribio ya aina hiyo vifaranga wa kike kwa wastani huanza kulia na kutembea mapema kuliko wa kiume. Kwa haraka mtu angesema kwamba wa kike ni jasiri zaidi. Giorgio Vallortigara na wenzake nchini Italia waliliangalia jambo hilo kwa upande mwingine. Katika majaribio waliyochapisha mwaka 1990 na 1992, vifaranga wa kike walikimbia kwa kasi zaidi kuwafikia wenzao, na walipopewa nafasi ya kuchagua kati ya mwenzao wanayemjua na mgeni, walimfuata wanayemjua. Wa kiume walivutwa zaidi na mgeni, na ndio waliomdonoa zaidi.

Kumbe kifaranga wa kike anayezunguka uwanjani kwa kilio huenda anatafuta wenzake, wakati kaka yake hajaona bado sababu ya kutembea. Uwanja ni uleule na upya ni uleule, lakini kila mmoja anauliza swali lake. Wa kike anauliza wenzangu wako wapi. Wa kiume anauliza huyu ni nani.

Maswali hayo yanalingana na maisha ya kuku wa porini wa Asia, mzazi wa kuku wote wa kufugwa. Huko jogoo mmoja hushika eneo akiwa na mitetea kadhaa, na majogoo wengine husukumwa pembeni. Kwa jogoo, kila jogoo mgeni ni habari nzito. Kwa mtetea, usalama uko ndani ya kundi. Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyeeleza mapema miaka ya 1920 jinsi kuku wanavyopangana kwa kudonoana, aliona kwamba mitetea wana ngazi yao na majogoo wana ya kwao. Mtetea mgeni akiingizwa yadini hupambana na mitetea. Jogoo mgeni hupambana na jogoo.

Ngazi hizo zinaweza kubadilishwa kwa uzalishaji. Katika jimbo la Kansas, Marekani, A. M. Guhl, J. V. Craig na C. D. Mueller walichapisha mwaka 1960 matokeo ya kuwachagua kuku kwa ukali, na vizazi vichache tu vilitosha kutoa nasaba mbili zilizotofautiana. Nchini Sweden, Per Jensen na wenzake walianzia upande wa pili: waliwachagua kuku wa porini kwa kutomwogopa mtu. Mwaka 2014 waliripoti kwamba kuku hao walikuwa wakubwa zaidi, walitawala wenzao zaidi, na walitoa vifaranga wakubwa. Kupunguza woga kulileta mamlaka, ingawa hakuna aliyekuwa amewachagua kwa kupigana. Woga na ukali ni kamba mbili, lakini zimesokotwa pamoja kiasi kwamba ukivuta moja, nyingine hutikisika.

Dumu la manjano

Tofauti hizi huonekana yadini bila maabara. Kundi la kuku likifunguliwa asubuhi na kukuta dumu la manjano lililokatwa nusu, limetiwa pumba na vichwa vya dagaa, mahali ambapo jana hapakuwa na kitu, mambo hufuatana kwa mpangilio. Jogoo husimama. Huinua shingo, hugeuza kichwa upande mmoja, kisha wa pili, kwa kuwa macho ya kuku yako ubavuni na kila jicho linaona lake. Jicho la kushoto, linalopeleka habari zaidi upande wa kulia wa ubongo, ndilo linaloelekezwa mara nyingi kwenye kitu kipya na kwenye hatari. La kulia hushughulika zaidi na kutenganisha punje na changarawe. Jogoo hutoa mlio wa tahadhari, mfupi na wa kurudiarudia. Mitetea husimama nyuma yake.

Kisha mmoja wa mitetea hupita. Huwa na njaa zaidi, au huwa ameshakaribia kutaga, au ni mdadisi tu. Hunyoosha shingo huku mwili umebaki nyuma tayari kuruka, hudonoa ukingo wa dumu mara moja, huruka nyuma, hurudi. Akishika kichwa cha dagaa, wengine humfuata. Hapo jogoo naye husogea, lakini mara nyingi hali kwanza. Huinua kipande, hukiangusha, hukiinua tena, huku akiita kwa sauti ya haraka hadi mtetea aje akichukue.

Kinachoonekana kama ushujaa wa jogoo kwa sehemu ni kazi anayoifanya mbele ya mitetea. Marcel Gyger, Stephen Karakashian na Peter Marler walionyesha mwaka 1986 kwamba jogoo hutoa mlio wa kuonya dhidi ya ndege mwindaji mara nyingi zaidi akiwa karibu na kuku mwenzake kuliko akiwa peke yake. Akikosa wa kumsikia, hunyamaza zaidi. Ndiyo sababu jogoo aliyehamishwa peke yake na kufikishwa yadi ngeni huonekana kana kwamba amebadilishwa: manyoya yamelala, mkia umeshuka, sauti haipo.

Methali inasema jogoo la shamba haliwiki mjini, na sayansi imeikuta methali hiyo ikiwa imetangulia. Mwaka 2015 Tsuyoshi Shimmura, Shosei Ohashi na Takashi Yoshimura wa Japani walichapisha uchunguzi wa kuwika alfajiri. Majogoo walipokaa pamoja, aliyekuwa juu katika ngazi ndiye aliyewika kwanza, akafuatwa na wa pili, kisha wa tatu, kwa utaratibu uleule kila siku. Wa juu alipoondolewa, wa pili alianza. Jogoo mgeni hana nafasi katika foleni hiyo hadi aipiganie. Kwa kuchi mapambano hayo ni ya hatari zaidi, kwa sababu ndege aliyechaguliwa asikimbie hukosa kile kinachomwokoa jogoo wa kawaida, yaani kugeuka na kuondoka akishashindwa.

Mtetea wa mbegu hiyo huonekana mpole hadi siku anapoatamia. Homoni ya prolaktini hupanda, hula kidogo, hukaa juu ya mayai kwa takriban siku 21, na mkono unaosogea hudonolewa. Vifaranga wakitoka, mtetea aliyekuwa akikimbizwa na kila mtu huweza kumrukia mbwa au mwewe. Anachokilinda ni kile anachokijua. Kifaranga mgeni, hasa mwenye rangi tofauti, akiingizwa mchana siku chache baada ya wengine kuanguliwa, hudonolewa hata kufa. Wafugaji hushinda tatizo hilo kwa kumwingiza usiku, chini ya bawa, ili asubuhi imkute mgeni amekwisha kuwa mtoto wa nyumba.

Ukali wa jogoo nao una ufunguo wa homoni ndani ya mtetea, na mara chache hufunguka. Mtetea hutumia ovari moja tu, ya kushoto. Ikiharibiwa na ugonjwa, estrojeni hupungua, na kuku huyo anaweza kuota manyoya ya jogoo, kuota vipi na kuanza kuwika. Vijiji vingi humchinja mtetea anayewika kwa kumwona ni mkosi. Kwa mwanabiolojia ni jike aliyekuwa na vyote ndani yake, na pazia limeanguka.

Mahali ambapo jike ndiye mkali

Ili kujua kama tofauti hizi zinatokana na kuwa dume au na nafasi ya mnyama katika jamii yake, inafaa kumtazama mnyama aliyepindua mpango. Mkoa wa Mara unaye. Fisi madoa wa Serengeti na wa upande wa Kenya wa nyika hiyohiyo wamechaguliwa kwa ukali na maumbile yenyewe, na uchaguzi huo umepita kwa jike. Majike ni wakubwa kidogo kuliko madume, hutawala ukoo, hula kwanza, na watoto hurithi ngazi ya mama.

Hapa anayekutana na ugeni mkubwa ni dume. Jike hubaki katika ukoo aliozaliwa. Dume akikomaa, kwa kawaida baada ya miaka 2, huondoka na kujiunga na ukoo asioujua, na huanzia chini kabisa. Maisha yake hutegemea uvumilivu, kusogea kidogo kidogo, na kusoma dalili za majike wasiomtaka. Jinsia iliyo kali ndiyo inayokaa nyumbani, na iliyo pole ndiyo inayohama, sawasawa na panya wa Groningen, isipokuwa madume na majike wamebadilishana viti.

Mwaka 2012 Sarah Benson-Amram na Kay Holekamp walichapisha jaribio walilofanya Masai Mara kwa sanduku la chuma lenye nyama na komeo. Kati ya fisi 62 waliojaribu, 9 walifaulu kulifungua. Waliofaulu walikuwa na sifa mbili: hawakukiogopa sana kitu kipya, na walijaribu mbinu nyingi za aina tofauti, wakiuma, wakivuta, wakigeuza, wakisukuma. Nguvu za taya kila fisi anazo. Kilichofungua komeo ni kutoganda na kutong'ang'ania njia moja.

Katika uzalishaji

Mfugaji anayechagua kuchi kwa kumtazama jogoo peke yake anapima nusu ya mbegu yake. Jogoo ana kromosomu mbili za Z, na mtetea ana Z moja na W moja. Jogoo mdogo hupata Z moja kwa baba na moja kwa mama. Tembe hupata Z yake kwa baba, na W kwa mama. Kromosomu nyingine zote hutoka nusu kwa nusu. Juu ya hayo mtetea huongeza kitu ambacho jogoo hawezi kukitoa: kiini cha yai. Mwaka 1993 Hubert Schwabl alionyesha kwa ndege wadogo wa kufugwa kwamba mama huweka testosteroni ndani ya kiini, na kwamba kiasi chake huathiri nafasi ya kinda katika ngazi ya wenzake. Watu wa majogoo katika nchi nyingi wamekuwa wakisema tangu zamani kwamba moyo wa jogoo hutoka kwa mama yake. Walikuwa na sababu.

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kuwapiganisha wanyama ni ukatili. Thamani ya kuchi leo iko katika mwili wake mkubwa, katika nyama yake, na katika machotara anaoweza kuzaa na mitetea wa kawaida. Kwa kazi hiyo ukali uliopita kiasi ni hasara: majogoo wadogo huumizana, mitetea dhaifu hunyimwa chakula, na kila kuku mpya huwa chanzo cha vita. Mapora wa kuchi hutenganishwa mapema, wanapoanza tu kunyanyuliana manyoya ya shingo. Jogoo mgeni huwekwa ndani ya tenga katikati ya yadi kwa siku kadhaa, aonekane na asiguswe. Mitetea wageni huingizwa usiku, wawili au watatu pamoja badala ya mmoja, kwa kuwa mtetea mwenye mwenzake anayemjua hutulia upesi. Chombo kipya cha chakula huwekwa kando ya cha zamani, na cha zamani huondolewa baadaye.

Kuchagua mitetea hakuhitaji vifaa. Wataalamu wa mifugo hushauri chanjo ya kideri irudiwe kila baada ya miezi 3, na chanjo ya matone hutiwa tone moja jichoni, kuku akiwa ameshikwa. Kwa kuku wa kujitafutia hilo ni jambo geni kila mara: mkono, mwanga wa tochi, tone la baridi. Wapo wanaopiga kelele hadi mwisho, wapo wanaoganda, na wapo wanaotikisa kichwa mara moja, wakishushwa wakakung'uta manyoya na kurudi juu ya kijiti chao. Hao wa mwisho ndio wanaostahili kuwekewa alama mguuni na kuachiwa mayai yao waatamie.